Barter Theatre ya Abingdon, Virginia: ukumbi wa mji mdogo unaostahili safari ndefu

Katika kumbi zote za tamthilia nilizowahi kuingia nchini Marekani, hakuna ninaoweza kuupendekeza kwa uhakika kama Barter Theatre, ulioko katika mji wa Abingdon, kusini-magharibi mwa jimbo la Virginia. Mji wenyewe ni mdogo, una wakazi wapatao 8,000, umo katika milima ya Appalachia na hauko mbali na mpaka wa Tennessee. Msafiri anayeupita kwa barabara kuu namba 81 anaweza kabisa asijue kwamba dakika chache kutoka pale alipo kuna jumba ambamo waigizaji wa kulipwa walianza kupanda jukwaani mwaka 1933. Ninaiandika tathmini hii kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili wanaoishi au wanaotembelea majimbo ya kusini-mashariki, kwa sababu nimekutana na wengi wanaoamini kwamba tamthilia nzuri haipatikani ila New York, na kwamba bei yake haishikiki. Imani hiyo inawanyima kitu kilichoko saa chache tu kutoka milangoni mwao.

Niseme mapema msimamo wangu. Sababu kubwa ya kwenda Barter ni kazi inayofanywa jukwaani leo na kundi la waigizaji wanaoishi mjini hapo na kuigiza tamthilia mbalimbali mwaka mzima. Historia ya ukumbi ni ya kuvutia mno, nami nitaieleza kwa kirefu kwa kuwa mtazamaji anayeijua hufaidi zaidi, lakini jumba lenye historia lisilo na mchezo mzuri lingetosha kutazamwa kwa nje na kupigwa picha. Hapa watu huingia ndani, hukaa, na hutoka wakijadiliana juu ya walichokiona.

Mwanzilishi wake, Robert Porterfield, alikuwa mwigizaji kijana aliyekulia katika sehemu hizo hizo za Virginia na kwenda New York kutafuta kazi ya sanaa. Mdororo Mkuu wa Uchumi ulipoingia, kumbi nyingi za New York zilifungwa na waigizaji wakabaki bila kazi na bila chakula. Wakati huo huo, wakulima wa nyumbani kwake walikuwa na maziwa, mayai, viazi na nyama visivyokuwa na mnunuzi, maana fedha taslimu ilikuwa imetoweka mifukoni mwa watu. Porterfield aliona kwamba upande mmoja una njaa na sanaa, upande mwingine una chakula na kiu ya burudani, akawashawishi waigizaji wenzake ishirini na kitu wamfuate hadi Abingdon. Onyesho la kwanza lilifanyika tarehe 10 Juni 1933, na kiingilio kilikuwa senti 40 au mazao yenye thamani hiyo hiyo. Jina la ukumbi limetokana na biashara hiyo ya mali kwa mali, na inaelezwa kwamba watazamaji wanne kati ya kila watano walilipa kwa mboga, maziwa au mifugo.

Masimulizi ya siku hizo bado yanaishi midomoni mwa watu wa Abingdon. Linalopendwa zaidi ni lile la mkulima aliyefika dirishani kwa tiketi akiwa na ng'ombe wake, akauliza kiasi cha maziwa kinachotosha kiingilio kimoja, akakama pale pale mpaka kipimo kikatimia. Alipoulizwa kuhusu mkewe aliyekuwa amesimama pembeni, alijibu kwamba mkewe naye anaweza kukama tiketi yake mwenyewe. Msimu wa kwanza ulipokwisha, hesabu za kundi zilionyesha faida ya dola 4.35 na mapipa mawili ya jeli ya matunda, na waigizaji wote kwa pamoja walikuwa wameongezeka uzito wa zaidi ya ratili 300, yaani kilo zipatazo 136. Kwa watu waliofika wakiwa na njaa, nadhani takwimu hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa na maana kuliko zote.

Hata watunzi wa tamthilia walilipwa kwa namna hiyo. Badala ya ada ya fedha, Porterfield aliwapelekea paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi kwa ufundi wa Virginia, na miongoni mwa waliolikubali ni Noël Coward, Tennessee Williams na Thornton Wilder. George Bernard Shaw, ambaye hakula nyama, aliomba mchicha wa kizungu badala yake, naye akapelekewa. Ninaipenda habari hii kwa sababu inaonyesha kwamba watu wakubwa wa fani waliuheshimu mpango uliokuwa unaendeshwa na vijana wasio na fedha katika mji ambao wengi wao hawakuwahi kuuona.

Jumba lenyewe ni la zamani kuliko kundi la Porterfield kwa karne nzima. Lilijengwa mwaka 1831 kama kanisa la Kipresbiteri, kisha likatumiwa na chama cha watu waliopinga ulevi, na baadaye likawa mali ya mji, likahifadhi shughuli za halmashauri pamoja na mikutano na maonyesho ya hapa na pale. Kwa hiyo Porterfield alipofika alikuta chini ya jukwaa kuna mahabusu ya mji, na kelele za waliofungwa zilisikika hadi kwa watazamaji. Baadaye nafasi hiyo ilitumika kuwazuilia mbwa walioshukiwa kuwa na kichaa, jambo ambalo bila shaka halikupunguza kelele, mpaka hatimaye ikageuzwa kuwa vyumba vya waigizaji kubadilishia mavazi. Juu ya paa kulikuwa na king'ora cha zimamoto cha mji. Kikilia katikati ya onyesho, waigizaji walitakiwa kuganda kama walivyo, mkono ukiwa hewani au neno likiwa mdomoni, na kuendelea pale pale kilipokwisha kulia. Utaratibu huo uliendelea mpaka miaka ya 1990. Fikiria nidhamu inayohitajika ili mtu aliyekuwa analia machozi ya uongo agande kwa dakika nzima, kisha arudi katika kilio chake bila watazamaji kumcheka.

Ndani ya ukumbi kuna mchango mwingine ambao watazamaji wengi hawaujui. Mwaka 1953, ukumbi mashuhuri wa New York ulioitwa Empire ulipokuwa karibu kubomolewa, Porterfield aliruhusiwa kuchukua alichoweza kukichukua kwa muda mfupi kabla nyundo hazijaanza kazi. Alirudi Abingdon na viti, mapambo, picha na vifaa vya taa ambavyo thamani yake ilikadiriwa kuwa dola 75,000, fedha nyingi sana kwa wakati ule. Jumba la Abingdon lililokuwa limeanza kwa mabenchi na unyenyekevu wa kanisa likavaa sura ya ukumbi wa jiji kuu. Ukarabati uliofanyika baadaye, hasa katika miaka ya 1990, umelifanya liwe la starehe zaidi, lakini hisia ya kuingia mahali palipokusanywa kipande kwa kipande na watu waliopenda kazi yao bado ipo.

Sasa niingie katika maonyesho yenyewe. Ukumbi mkuu, unaoitwa Gilliam Stage, una viti vipatavyo 500, kiasi ambacho kwangu ndicho kipimo bora cha tamthilia. Nimewahi kukaa katika ukumbi mkubwa wa jiji, ambao sitautaja, nikiwa mbali kiasi kwamba sura za waigizaji zilipotea na nikabaki kufuata sauti zilizotoka kwenye spika zilizokuwa juu ya kichwa changu. Katika ukumbi wa kiasi cha Barter, mtazamaji anaona jicho linavyobadilika kabla ya neno kutamkwa, na huko ndiko tamthilia inakotofautiana na kila burudani nyingine. Anayekwenda kutazama mchezo wa mazungumzo ningemshauri achague viti vya chini vya katikati. Kwa tamthilia za muziki roshani inafaa sana, kwa sababu kutoka juu mpangilio wa wachezaji na mwendo wa miguu yao unaonekana kwa ukamilifu, na mwanga wa taa sakafuni unasomeka kama sehemu ya hadithi.

Ukumbi wa pili, Smith Theatre, uko ng'ambo ya barabara na una viti visivyofika 200, vilivyopangwa kulizunguka jukwaa pande tatu. Kama ningelazimika kuchagua mmoja, ningechagua huu mdogo. Hakuna kiti kilicho mbali, na mwigizaji hana pa kujificha: akigeuka kutoka upande mmoja, upande mwingine unamwona usoni. Michezo inayowekwa humo mara nyingi ni ile yenye waigizaji wachache na maneno mengi, michezo ya familia zinazogombana mezani, ya siri zinazofichuka polepole, au ya vichekesho vinavyotegemea muda sahihi wa kupumua kati ya sentensi na sentensi. Katika nafasi ya namna hiyo kicheko cha mtazamaji mmoja huwaambukiza wote, na ukimya nao huwa mzito kiasi kwamba mtu huogopa kukohoa.

Jambo ambalo ningependa kulikazia kuliko mengine yote ni mfumo wa kundi la kudumu. Katika kumbi nyingi za Marekani, kila tamthilia huajiri waigizaji wake, wakafanya mazoezi, wakaigiza kwa wiki kadhaa, kisha wakatawanyika. Barter ni mojawapo ya kumbi chache zilizobaki na waigizaji wa kulipwa wanaokaa pamoja na kuigiza mchezo baada ya mchezo, na mara nyingi michezo miwili au zaidi huendelea kwa zamu katika kipindi kimoja. Matokeo yake ni kwamba mtu anayekaa Abingdon kwa mwisho mmoja wa juma anaweza kumwona mwigizaji yule yule mchana akiwa bibi mkorofi mwenye mgongo uliopinda, na jioni akiwa wakili kijana mwenye mwendo wa haraka na lafudhi nyingine kabisa. Mimi mwenyewe nimelazimika kusoma orodha ya majina mara ya pili kwa kutoamini kwamba ni mtu mmoja.

Faida ya mfumo huo haiishii katika kushangaza. Waigizaji waliofanya kazi pamoja kwa miaka wanajuana namna ya kupeana nafasi, yaani ni nani anayependa kuchelewesha jibu, nani anayeweza kuokoa tukio pale kitu kinapoanguka, na nani anayeimba sauti ya chini bila kuwafunika wenzake. Mtazamaji huyaona hayo hata kama hawezi kuyataja. Vichekesho vinakwenda kwa mwendo ambao kundi lililokutana mwezi uliopita haliwezi kuufikia, na katika michezo mizito kuna uaminifu kati ya watu wawili jukwaani unaofanya ugomvi wao uonekane wa kweli. Watu wa mjini nao wanawajua waigizaji wao kwa majina, wanakutana nao dukani na kwenye mikahawa, na kabla ya onyesho unasikia majirani wakibishana juu ya nani aliigiza vizuri zaidi msimu uliopita. Kwa mgeni, kukaa katikati ya mabishano hayo ni sehemu ya burudani.

Mfumo huu pia umezalisha watu. Gregory Peck, Patricia Neal, Ernest Borgnine na Ned Beatty wote walipita hapa kabla ya kujulikana duniani, nao walijifunza kazi kwa kufanya kila kitu, kuanzia kupaka rangi mandhari ya jukwaa hadi kuigiza wahusika wadogo wasio na jina. Mwaka 1946 jimbo liliutambua rasmi ukumbi huu kuwa ukumbi wa tamthilia wa Jimbo la Virginia. Porterfield aliuongoza mpaka alipofariki mwaka 1971, na wapo wanaosimulia kwamba humwona bado akitembea nyuma ya viti usiku. Wakati wa uhai wake alikuwa na desturi ya kusimama mbele ya pazia na kuwaambia watazamaji kwamba wakiupenda mchezo wautangaze kwa watu, na wasipoupenda basi wafunge midomo. Tangu wakati wake idadi ya walioshika uongozi ni ndogo mno kwa muda wa zaidi ya nusu karne. Richard Rose peke yake aliuongoza kuanzia mwaka 1992 hadi 2019, akafuatwa na Katy Brown, ambaye alikuwa amekwisha kufanya kazi hapo kwa miaka mingi. Uongozi usiobadilika kila mara ni moja ya sababu za ukumbi huu kuwa na tabia yake mahususi.

Kuhusu aina ya michezo, msomaji anapaswa kujua anachokwenda kukikuta. Ratiba ya mwaka huchanganya tamthilia kubwa za muziki, vichekesho, hadithi za sikukuu ya Krismasi, michezo ya kale na kazi mpya. Sehemu kubwa inafaa kutazamwa na familia nzima, na anayetafuta majaribio makali ya kisanaa ya aina inayopatikana katika vyumba vidogo vya Chicago au New York ataona kwamba ukumbi mkuu unaelekea zaidi kwenye kile ambacho umma mpana utakifurahia. Siuhesabu mwelekeo huo kuwa dosari, kwa kuwa ukumbi wa mji wa watu 8,000 hauwezi kujaza viti 500 kwa kuwachagua watazamaji wachache wenye ladha moja. Hata hivyo, ninaamini kwamba kazi zenye uzito mkubwa zaidi wa fikra hupatikana katika ukumbi mdogo, na pia katika Tamasha la Tamthilia na Watunzi wa Appalachia, ambamo kazi mpya za watunzi wa eneo hilo, au zinazohusu eneo hilo, husomwa na waigizaji mbele ya watu na kisha kujadiliwa.

Tamasha hilo linastahili maneno ya ziada. Watu wa milima ya Appalachia wamesimuliwa mno na watu wa nje, mara nyingi kama maskini wa kuchekwa au wa kuhurumiwa. Katika usomaji huo mtu anawasikia wakijisimulia: wachimbaji wa makaa ya mawe, wanawake walioendesha mashamba peke yao, vijana waliohama na kurudi. Mtazamaji aliyekulia Pwani ya Afrika Mashariki, ambako nasi tumeandikwa sana na wageni, ana sababu ya pekee ya kusikiliza kwa makini. Majadiliano baada ya usomaji huendeshwa kwa adabu lakini bila kuoneana haya. Mtunzi anaelezwa mahali ambapo hadithi imelegea, naye anasikiliza, na ipo michezo iliyoanzia kwenye usomaji wa namna hiyo ikapanda baadaye jukwaani kwa ukamilifu.

Kwa wenye watoto, lipo kundi linaloitwa Barter Players, ambalo huigizia watoto na vijana ukumbini na pia husafiri kwenda shuleni. Ningelipendekeza kundi hilo pia kwa watu wazima ambao Kiingereza chao bado kinakua. Michezo yake ni mifupi, maneno yanatamkwa wazi, na hadithi zinafuatika kwa vitendo. Lafudhi ya milimani inayotumika katika baadhi ya michezo ya watu wazima inaweza kumchanganya hata mtu aliyesoma Kiingereza kwa miaka mingi, hivyo ni busara kusoma muhtasari wa hadithi kabla ya kwenda, au kuanza na tamthilia ya muziki ambayo nyimbo na michezo ya miguu inabeba nusu ya maana.

Jambo jingine la kumwandaa msomaji wetu ni mwenendo wa watazamaji. Sisi tumezoea kuwajibu waigizaji, kupiga vigelegele, na katika taarabu kuinuka na kwenda kumtunza mwimbaji pale pale anapoimba. Huko Abingdon watu husikiliza kimya, hucheka kwa nguvu pale panapochekesha, na huweka shangwe yao mwishoni, ambapo husimama wote na kupiga makofi kwa muda mrefu. Simu huzimwa, na anayechelewa hawezi kuingia na kukanyaga miguu ya watu katikati ya tukio. Mavazi hayana masharti: utaona waliovaa suti wakikaa karibu na waliovaa buti za shambani, na hakuna anayemtazama mwenzake kwa jicho baya. Nimeona adabu hiyo ya usawa kuwa imetokana moja kwa moja na asili ya ukumbi ulioanza kwa kuwapokea watu wenye ndoo za maziwa mikononi.

Desturi ya kulipa kwa chakula haikufutika. Angalau mara moja kwa mwaka ukumbi huwa na maonyesho ambayo kwayo watazamaji huleta vyakula kama kiingilio, na vyakula hivyo hupelekwa kwenye ghala la chakula la kusaidia wenye shida katika eneo hilo. Ukiweza kupanga safari yako iangukie siku kama hiyo, fanya hivyo, kwa sababu foleni ya watu waliobeba mikebe na mifuko ya mchele mlangoni pa jumba la tamthilia ni kitu ambacho hutakiona mahali pengine. Siku za kawaida tiketi hulipiwa fedha kama kwingineko, kwa bei iliyo chini sana ya ile ya Broadway, yaani kumbi kubwa za tamthilia za New York, na punguzo hutegemea msimu, siku na mpangilio wa viti, kwa hiyo ni vyema kuulizia dirishani au kwenye tovuti yao kabla ya kuondoka nyumbani.

Uwezo wa ukumbi huu kujibadilisha bila kusaliti asili yake ulionekana mwaka 2020. Korona ilipozifunga kumbi za tamthilia kote Marekani, Barter ilihamishia maonyesho yake Moonlite, uwanja wa kutazama filamu ukiwa ndani ya gari uliofunguliwa mwaka 1949 hapo hapo Abingdon na ambao ulikuwa umekaa bila kazi. Waigizaji waliigiza mubashara, picha yao ikarushwa kwenye skrini kubwa, na watu wakasikiliza kupitia redio za magari yao, kila familia ikiwa ndani ya gari lake. Makundi mengi yenye fedha zaidi yalisubiri; hili la milimani lilirudi kwenye swali lile lile la mwaka 1933, la namna ya kuwafikia watu kwa kile kilichopo.

Usafiri ndio ugumu mkubwa wa safari hii. Treni ya abiria haifiki Abingdon. Kituo cha karibu zaidi cha Amtrak, shirika la treni za abiria la Marekani, upande wa Virginia ni Roanoke, nacho kiko umbali wa zaidi ya saa mbili kwa gari. Kutoka Knoxville ni takriban saa mbili, kutoka Charlotte ni kama saa tatu, na kutoka Washington ni saa tano hadi sita kwa kufuata barabara ya 81. Uwanja wa ndege wa karibu ni ule wa Tri-Cities ulioko Tennessee, lakini hata anayeutumia atahitaji gari. Kwa sababu hiyo ninawashauri watu waungane kwa familia mbili au tatu, wagawane mafuta, na walale angalau usiku mmoja. Majira ya baridi barabara za milimani huweza kuwa na barafu, kwa hiyo anayekwenda kwa maonyesho ya Krismasi atazame hali ya hewa kabla.

Karibu na ukumbi kuna hoteli ya Martha Washington Inn, ambayo sehemu yake kongwe ilijengwa mwaka 1832 kuwa makazi ya Jenerali Francis Preston, ikawa chuo cha wanawake, na ikafunguliwa kuwa hoteli mwaka 1935. Ni ya gharama, na anayetaka nafuu atapata vyumba vya kawaida kando ya barabara kuu. Faida ya kulala katikati ya mji ni kwamba baada ya onyesho unarudi kwa miguu, ukiwa bado na mchezo kichwani, badala ya kutafuta gari gizani. Mchana unaweza kutembea au kukodi baiskeli katika njia ya Virginia Creeper, iliyokuwa reli ya zamani yenye urefu wa takriban kilomita 55. Kimbunga Helene cha Septemba 2024 kiliharibu vibaya nusu yake ya juu, kati ya Damascus, mji mdogo wa huko huko Virginia, na Whitetop, lakini sehemu inayotoka Abingdon hadi Damascus inatosha kabisa kwa mchana mmoja.

Kwa anayekwenda mara ya kwanza, ningempangia hivi: afike Ijumaa alasiri, atazame mchezo wa ukumbi mkuu jioni hiyo, na Jumamosi mchana avuke barabara aingie Smith Theatre kutazama mchezo wa pili, akiwa amechagua siku ambazo waigizaji wa kundi wamo katika yote miwili. Tiketi za ukumbi mdogo azikate kwanza, kwa kuwa viti vyake ni vichache na huisha mapema, hasa majira ya joto na wakati wa vuli ambapo watu wengi huja kutazama majani ya milima yanavyobadilika rangi.